"Rudi Kesho": Mwanafunzi Mbele ya Meza ya Karani

Hakuna maneno ambayo mwanafunzi wa nchi yetu ayajua vizuri kuliko haya mawili: "Rudi kesho." Hayamo katika vitabu vyake vya shule, lakini huyasikia tangu siku aombapo cheti cha kuzaliwa mpaka siku angojapo diploma. Leo yafaa tujiulize: kijana afanye nini na masumbuko hayo? Aingoje haki yake, ama ainunue? Na ile furaha ya ujana, ambayo wazee wengi huiita upuuzi, yamsaidia ama yampoteza?

Kwanza tuone mambo yalivyo. Mwisho wa shule ya sekondari mwanafunzi wa Kongo hufanya Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967. Akifaulu, watu wa nyumbani humpaka poda nyeupe kichwani na shingoni, na vijana huimba njiani mpaka usiku. Lakini jina lililotangazwa si diploma bado. Diploma hutoka Kinshasa, na toka Bukavu hata Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa njia ya ndege. Wakati wa kungoja, kijana hupewa karatasi ya kushuhudia kwamba alifaulu. Karatasi yataka fotokopi, fotokopi yataka muhuri, muhuri wataka saini, na mwenye saini amekwenda kwenye maziko. Kijana huketi kwenye benchi. Siku ya tatu huambiwa kwamba jina lake limeandikwa na herufi moja isiyo yake. Basi aanze tena.

Wengine husema: "Hayo yote yalianza na uhuru." Sivyo. Mwaka 1952 Wabelgiji waliweka sheria ya kuwapa Wakongo wachache karatasi ya kuwaweka chini ya sheria za Wazungu. Mwenye kuiomba alichunguzwa hata nyumbani mwake. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta huko Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, alikataliwa kwanza, akapewa mwaka 1954. Katika nchi nzima walioipata walikuwa mia chache tu. Basi, desturi ya kumwombesha mtu kama fadhili kile kilicho haki yake ni ya zamani. Tarehe 30 Juni 1960 bendera ilibadilishwa. Benchi ilibaki palepale.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Karani hasemi wazi. Afungua sanduku la meza, alifunga, kisha asema: "Kijana, hata sisi tuna watoto." Kijana afahamu. Amekwisha kusikia methali kwamba mkono mtupu haulambwi. Tena amesikia mzaha wa nchi nzima juu ya "artikili 15", maana yake: jitafutie mwenyewe. Naye ajiuliza: nikitoa matabishi, je, ni kosa?

Tusimhukumu karani upesi. Mara nyingi mshahara wake hauji, au waja baada ya miezi, nao hautoshi kununua mfuko wa unga. Lakini njaa ya karani haigeuzi haki ya mwanafunzi kuwa bidhaa. Tutofautishe zawadi na bei. Zawadi hutolewa baada ya kazi, kwa moyo, na asiyetoa hapati hasara. Bei hudaiwa kabla ya kazi, na asiyelipa haoni karatasi yake. Tuyaite mambo kwa majina yao.

Tena, nani hulipa bei hiyo kweli? Kijana mwenye faranga apita mbele. Nyuma yake kwenye benchi ameketi binti wa mjane, aliyefika alfajiri kwa miguu. Yule hakununua muhuri tu. Amenunua na zamu ya binti huyu. Na binti huyu hakuuza.

"Lakini," mtu atauliza, "chuo kikuu chafunga maandikisho Jumamosi. Apoteze mwaka mzima?" Swali hili ni la haki. Aliyenyang'anywa njiani si mnyang'anyi. Kosa humlemea zaidi yule adaiye kuliko yule aliyebanwa. Lakini kabla ya kusema "nimebanwa", kijana ajaribu njia nyingine: aulize bei ya halali ni ngapi, aombe stakabadhi, aende pamoja na mzazi au mwalimu, aende pamoja na wenziwe kumi. Mtu mmoja kwenye benchi hufukuzwa kwa neno moja. Kumi hawafukuziki upesi. Na kama mwishowe alilazimishwa kutoa, asirudi nyumbani akijisifu kwamba ana akili. Aseme: "Nimeibiwa." Kwa maana yule ajisifuye leo, baada ya miaka kumi ataketi upande wa pili wa meza, naye atafungua sanduku lile lile.

Hapo ndipo furaha ya ujana yaonyesha faida yake. Watazameni wanafunzi hao jioni. Wanne wala bugali na sombe katika sahani moja. Watatu wana shati moja jeupe la siku ya mtihani, nao hulivaa kwa zamu. Mmoja aigiza sauti ya karani, "Rudi kesho, kijana!", na wote wacheka mpaka machozi. Je, ni upuuzi? Mtu awezaye kucheka na tumbo nusu tupu hawezi kununuliwa kwa urahisi. Huyo amejua kwamba maisha ni zaidi ya muhuri. Mwenye kinyongo hutafuta nafasi ya kulipiza. Mwenye furaha hana haja ya kumfanya mwingine aketi kwenye benchi.

Lakini furaha si usingizi. Kijana asiyesoma jina lake kwenye karatasi, atupaye vyeti chini ya kitanda na kufika siku ya mwisho, asimlaumu karani peke yake. Wala furaha si woga. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa walitoka njiani kudai msaada bora wa masomo. Askari wakapiga risasi, na wengi wakafa. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Walikuwa vijana kama hawa wa sahani moja na shati moja.

Wahenga walisema: ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ni kweli, miaka hairudi. Kwa sababu hiyo, siku za kijana zinazoliwa kwenye benchi ni mali iliyoibwa, hata kama hakuna faranga iliyotoka mfukoni. Wazazi, msimwambie mtoto "toa tu, yaishe", kwa maana haiishi. Makarani, andikeni mlangoni bei ya halali na siku ya kupata jibu, nanyi mtaona benchi yapungua watu. Nawe mwanafunzi, cheka na wenzio, tunza karatasi zako, na umwachie binti wa mjane zamu yake.