Nyama Isiyo ya Mnyama

Je, ni haki kukiita "nyama" kitu ambacho hakikutoka kwa mnyama? Huenda swali hili likaonekana dogo, la jikoni, lisilostahili karatasi. Lakini katika Kiswahili neno nyama na neno mnyama ni ndugu wa tumbo moja, na anayesema "nyama ya soya" ni kama amewatenganisha ndugu hao.

Kwa msomaji asiyeijua, nyama ya soya ni unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta, ukasukumwa katika mashine yenye joto kali mpaka ukatoka vipande vyepesi kama sifongo. Ikiwa kavu, karibu nusu ya uzito wake ni protini. Upishi wake hauna taabu. Vipande hulowekwa katika maji ya moto yenye chumvi, hukamuliwa, kisha hukaangwa pamoja na vitunguu, tangawizi, karoti na nyanya. Zikichemshwa pembeni zile tambi ndefu tuziitazo spageti, familia imepata chakula cha jioni kabla maharage hayajaiva.

Wako wanaochukia jina lenyewe. Siko pamoja nao. Walimu wa sayansi tumefundisha miaka mingi juu ya "nyama ya tunda", na hakuna mwanafunzi aliyedhani kwamba embe lilichinjwa. Tena majumbani mwetu huku bara tukiuliza, "Leo mboga ni nini?" jibu laweza kuwa mchicha, dagaa au ng'ombe. Lugha iliyokwisha kuiita nyama mboga haina haki ya kukasirika mboga inapoitwa nyama.

Basi kosa, kama lipo, haliko katika jina. Liko wapi?

Huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nyama si chakula tu. Mbuzi akichinjwa kihambani, vipande vyake hugawanywa kwa kufuata umri na ujamaa, na mtu akipokea fungu lake hutambua nafasi yake katika ukoo. Aidha, katika sherehe nyingi za Wakristo, kisu hupewa Mwislamu ili majirani wote wapate kula. Mgeni aliyefika baadaye hakukiona kisu wala mkono ulioshika kisu. Anakula kwa kuamini neno la mwenyeji. Yaani kabla hajala chakula chetu, mgeni amekwisha kula neno letu.

Jioni moja ya Desemba, wajukuu wakiwa wamekuja kutoka Dar es Salaam, mzee mmoja wa ukoo wetu alifika bila taarifa. Bucha zilikuwa zimefungwa, na giza lilikuwa limeingia. Mkwe wangu alikuwa na tambi na pakiti moja ya soya. Alipokuwa akipakua aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba, tusimwambie. Akishasifu ndipo tumwambie."

Nikamjibu, "Mama, akishasifu atakuwa amesifu kitu kingine."

Tukamwambia. Mzee akaitazama sahani, akacheka, akasema, "Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mgeni nimekuja, na mbuzi amepona." Akala tambi zote. Vipande vya soya alionja viwili, vingine akavisogeza pembeni mwa sahani. Hakuna aliyemshurutisha.

Wapo watakaosema kwamba kunyamaza kungemfurahisha zaidi. Yawezekana. Lakini furaha hiyo tungekuwa tumeitengeneza sisi, naye tungekuwa tumemnyang'anya haki ndogo ya kusogeza pembeni asichokitaka. Mzee ni mtu mzima, hapewi chakula kwa hila kama mtoto anayefichiwa dawa ndani ya uji. Isitoshe, wajukuu walikuwa wakitazama. Kama tungefaulu, wangejifunza kwamba udanganyifu ukiwa mtamu husamehewa.

Mtu hana budi kubuni anapopungukiwa. Anayegeuza pakiti ya soya kuwa kitoweo cha watoto wake anastahili sifa, iwe sababu ni bei ya nyama, amri ya daktari au huruma kwa wanyama. Bali heshima ya mgeni haitegemei kilichomo sufuriani. Hutegemea kumwambia kilichomo, na kumwachia mwenyewe aamue.