Unataka Kimya au Unataka Pumzi?

Kaa, mwanangu. Ndoo hiyo igeuze uikalie. Swali lako nimewajibu vijana wengi kabla yako, mpaka nachoka kusikia sauti yangu mwenyewe, lakini wewe hukuwapo, basi nitajibu tena. Unasema farasi wako anakoroma akikimbia pale Ngong, mwenye mali amekubali kulipa, nawe unataka daktari ampasue koo upesi kabla msimu haujaisha. Haya. Kabla hujampigia simu huyo daktari, niambie: unataka kimya au unataka pumzi? Maana hivyo ni vitu viwili, na kisu hakitoi vyote kwa bei moja.

Farasi hapumui kwa mdomo. Mbwa akichoka hutoa ulimi nje akahema. Farasi ana pua tu, basi. Akiwa ametulia bandani huvuta hewa lita 60 hadi 80 kwa dakika. Akienda shoti hupita lita 1,500, na kila mruko ni pumzi moja, wala hawezi kuiba ya ziada katikati. Hewa yote hiyo inapita kwenye zoloto, mahali pembamba unapoweza kupashika kwa vidole chini ya taya. Na sisi hapa Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe tayari ni nyepesi. Kwa hiyo sikudharau unaposema ana shida. Ninachokataa ni kudhani kwamba unaijua shida yake kwa kuwa umeisikia.

Wengi wanaokoroma wana ugonjwa wa upande wa kushoto. Neva inayofungua zoloto upande huo hushuka shingo yote, ikaingia kifuani, ikazunguka mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha ikapanda tena mpaka kooni. Safari ndefu hiyo, na farasi akiwa mrefu wa shingo huzidi kurefuka. Neva ikidhoofika, msuli unakonda, na gegedu la kushoto halifunguki. Farasi akivuta pumzi kwa nguvu, hewa inalinyonya gegedu hilo mpaka katikati ya njia. Hapo ndipo unasikia mkoromo, na utausikia pumzi inapoingia.

Sasa yuko mwingine ambaye sauti yake hugugumia pumzi inapotoka, tena ghafla, mbio zikikaribia mwisho, naye hupunguza mwendo utafikiri amevutwa hatamu. Huyo kaakaa lake laini limepanda juu ya kile kifuniko cha koo. Neva yake ya zoloto ni nzima. Akiwa mdogo na hajaiva mazoezi, mara nyingi hupona kwa kukua na kukaza mwili. Wengine husaidiwa kwa kufungwa ulimi wakati wa mbio. Na akishindikana ipo operesheni yake, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ya kulivuta zoloto mbele na kulishikiza kwa nyuzi. Ukimfanyia huyu operesheni ya yule wa kwanza, umempa kidonda bure. Kwa hiyo kwanza apimwe kwa kamera ya puani, na asipimwe amesimama tu. Siku hizi kamera hufungwa kwenye hatamu na farasi akakimbia nayo. Gharama hiyo ndiyo mwenye mali atakayoinung'unikia, na ndiyo nisingekubali aikate.

Nikwambie habari za kimya. Uingereza alikuwapo daktari, Frederick Hobday, aliyekuja kuongoza chuo cha madaktari wa mifugo cha London mwaka 1927. Jina lake lilishikamana na operesheni ya kutoa vifuko vidogo vilivyo kando ya nyuzi za sauti, ili kovu livute nyuzi hizo pembeni. Aliifanya kwa farasi wengi sana, wa jeshi wakiwamo, na mpaka leo huko farasi aliyepasuliwa hivyo huitwa kwa jina lake. Operesheni ile ni nzuri kwa kazi yake: mkoromo hupungua. Lakini gegedu lililolegea linabaki limelegea. Kwa farasi wa kutembeza watalii au wa kuruka viunzi vidogo, huenda ikatosha. Kwa wa mbio, umetibu masikio yako.

Anayetafuta pumzi hufanyiwa ile ambayo madaktari wa Marekani waliiandika mwaka 1970: uzi mgumu hupitishwa kwenye gegedu, ukalivuta likae wazi daima. Mara nyingi vifuko na uzi wa sauti hutolewa pamoja. Ni kama mlango ulioegemezewa jiwe usijifunge: upepo unapita, na kuku nao wanaingia. Zoloto lile liliumbwa lifunguke kwa hewa na lijifunge kwa chakula. Sasa upande mmoja haujifungi. Daktari akivuta sana, nyasi na maji huteremkia mapafuni. Akivuta kidogo, uzi ukalegea katika wiki zile za mwanzo, umerudi ulikotoka. Usione vyaelea, vimeundwa. Huyo unayemwona ameshinda baada ya kupasuliwa, kuna mtu aliyekesha naye.

Na mtu huyo ni wewe, mwanangu, wala si daktari. Wiki nyingi za kukaa bandani, kutembezwa kwa mkono tu, huku yeye anataka kuruka na mwenye mali anapiga simu kila jioni. Chakula chake kiweke chini sakafuni, kamwe usimning'inizie wavu wa nyasi. Nyasi ziloweke, vumbi lisimfikie. Sikiliza akila. Kikohozi cha mara moja si kitu. Kikohozi cha kila mlo, chakula kikitoka puani, homa ikipanda, mwite daktari usiku huohuo. Na hili la kulisha chini halina mwisho wake. Ataishi nalo hata atakapoacha mbio, kwa hiyo atakayemchukua baada yako lazima aambiwe.

Hapo najua utanyamaza, kwa sababu jana nilikusikia ukisema kwamba akishapona atauzwa. Auzwe, si kosa. Lakini kovu liko pale chini ya taya upande wa kushoto, na mnunuzi anayejua kazi atapeleka vidole vyake hapo kabla hajatazama meno. Mwambie wewe kwanza, tena umpe na karatasi ya daktari. Sasa nenda ukapange hiyo siku ya kamera, na ukirudi uniambie anakoroma pumzi ikiingia au ikitoka, maana hilo hujanijibu bado.