Tope, Tini na Jeli ya Chunusi



Vijana wapendwa, leo tuongelee jambo ambalo kwenye mafungo yetu hatuligusi kwa sababu linaonekana dogo, na huku linatutesa wengi kila asubuhi mbele ya kioo. Chunusi. Usicheke. Namjua binti aliyekuwa msomaji mzuri kuliko wote parokiani kwetu, sauti imetulia, siku ya Pentekoste anayapita yale majina ya mataifa yote bila kukwama hata mara moja. Akaomba atolewe kwenye ratiba ya wasomaji. Kwa mwenyekiti alisema ni masomo. Mimi aliniambia ukweli: pale kwenye mimbari taa inamulika usoni, na kanisa zima linaona.

Sasa fungua Injili ya Yohana, sura ya 9. Yesu anapita, anamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanauliza swali moja tu: dhambi ni ya nani hapa, ya huyu au ya wazazi wake? Ona, hawakuuliza huyu mtu anasaidiwaje. Walitaka mkosaji. Yesu anakataa swali lenyewe, si yeye wala wazazi wake. Baada ya hapo ndipo anatema mate chini, anafanya tope, anampaka machoni na kumtuma akanawe kwenye bwawa la Siloamu. Yaani kabla ya kumpaka chochote, kwanza anamwondolea lawama. Huo mpangilio nimeutafakari sana, kwa sababu sisi kwa chunusi tunafanya kinyume. Tunapaka kila kitu tulichosikia, na lawama tunaiacha palepale usoni.

Lawama zenyewe unazijua. "Hunawi vizuri." "Unakula karanga na chipsi kupita kiasi." Halafu zile za chinichini zinazoumiza zaidi: eti mwenye chunusi nyingi ana dhambi ya siri, mwili wake unamtoa. Na ile nyingine, jamani, inayosemwa kama utani kumbe ni mtego: eti chunusi ni ujana umekujaa, ukianza mapenzi zitaisha. Mdogo wangu, kaka anayekuambia hivyo anatafuta lake. Wapo akina mama wenye ndoa na watoto watatu ambao bado wana chunusi kidevuni, na wengine zimewaanza baada ya miaka 25. Tendo la ndoa halijawahi kuwa dawa ya ngozi. Usafi wa moyo wako usiuuze kwa ahadi ya uso laini.

Kinachotokea ni hiki. Balehe ikiingia, homoni zinaongezeka, kwa wavulana na kwa wasichana. Tezi za mafuta zilizo ndani ya ngozi zinafanya kazi kupita kiasi. Mafuta yakikutana na seli zilizokufa, kitundu cha kinyweleo kinaziba. Bakteria ambao wanaishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, hata ya Baba Paroko, wanazaliana humo ndani, na ngozi inavimba. Basi. Sasa nionyeshe dhambi iko wapi hapo. Hata uchafu haupo, na ndiyo maana kujisugua kwa dodoki mpaka uso uwake hakusaidii. Kunaichubua tu ngozi ambayo tayari imevimba.

Mimi zilinianza kidato cha pili. Mama akanunua sabuni ya salfa, ile yenye harufu ya yai viza. Ilipunguza mafuta, lakini zile kubwa za kidevuni hazikushtuka. Bibi akaja na mshubiri kutoka shambani. Ulipoza, nausifu kwa hilo, haukuponya. Mwaka wa pili chuoni ndipo nilipofika kliniki ya ngozi, na mhudumu akaniandikia vitu viwili tu. Asubuhi jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5, ambayo inaua wale bakteria. Usiku jeli ya adapalini ya asilimia 0.1, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Uso mzima, siyo kudonoa juu ya chunusi zinazoonekana, maana kazi yake ni kuzuia vitundu visizibe, na vile vinavyojiandaa kuziba wewe huvioni.

Akaniambia na maneno ambayo nayashukuru mpaka leo: wiki za kwanza zitakuwa mbaya kuliko ulivyokuja, na usinihukumu kabla ya wiki 12. Kweli bwana. Wiki ya pili ngozi ilibanduka pembeni mwa mdomo, ikawasha, na chunusi mpya zikatoka mahali ambapo hazikuwepo. Foronya yangu ya bluu ikawa na madoa meupe, kwa sababu benzoili peroksaidi inapausha nguo. Wenzangu wa hosteli wakaniuliza kama nimeungua. Nilirudi kliniki, nikaambiwa adapalini nipake usiku mmoja na kuruka mmoja, na nitangulize losheni nyepesi isiyo na manukato. Tumezoea novena ya siku 9. Hii ilikuwa siku 84. Na kwa siku nyingi katika hizo ulikuwa unafanya jambo sahihi na kioo kinakuambia hapana.

Wiki ya 10 nikaona kidevu kimetulia. Madoa meusi yalibaki miezi mingi baadaye, na hili tulijue sisi wenye ngozi nyeusi: chunusi ikiondoka inaacha kivuli, na jua la saa sita linakikoleza. Kofia na mafuta ya kuzuia jua si mambo ya Wazungu.

Kuna watakaosema, dada, ungeomba tu. Niliomba. Hata mfalme Hezekia aliomba. Soma Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20. Ana jipu, anakufa, anageukia ukutani na kulia mbele za Mungu. Nabii Isaya hata hajatoka uani, neno linamrudia: maombi yamesikilizwa, mfalme ameongezewa miaka 15. Umesikia? Yamesikilizwa tayari. Na bado nabii anaagiza waletwe tini zilizopondwa zibandikwe juu ya jipu. Mungu wa Hezekia hakuona aibu kupitia kwenye tunda la shambani. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38 (kile kitabu ambacho ndugu zetu wengi wa madhehebu mengine hawanacho kwenye Biblia zao), anaufundisha moyo wa mgonjwa vitu pamoja: usali, utubu kama una la kutubu, na umpe tabibu nafasi yake, kwa sababu dawa za kutoka ardhini ameziumba Bwana. Kwa hiyo dada anayepiga Rozari huku uso wake una jeli nyeupe hana imani nusu.

Ila nikisema dawa, simaanishi kila kilichomo kwenye kopo. Hapa niwe mkali kidogo. Kuna mwanakwaya mwenzetu aliyeuziwa krimu dukani bila kuandikiwa na mtu yeyote, akaambiwa inatoa chunusi na madoa kwa wiki moja. Na ikatoa! Wiki mbili uso uling'aa, kila mtu akataka jina. Alipoacha kupaka, uso ukalipuka kuliko mwanzo, mwekundu, unauma, mishipa midogo inaonekana mashavuni. Ndani mlikuwa na klobetasoli, steroidi kali sana. Steroidi inatuliza uvimbe haraka, kisha inaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya maandazi, na yenyewe inaleta chunusi. Betamethasoni ni ukoo huohuo. Wengine wanachanganya na losheni nyingine, ndiyo ule mkorogo tunaoujua. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Tanzania, na bado zinapenya. Geuza kopo, soma viungo. Kama hakuna kilichoandikwa, rudisha. Ukikuta umeshatumia krimu ya steroidi muda mrefu, usiiache ghafla peke yako, nenda kwa mtaalamu akuongoze kushuka.

Wala usiniambie huna pa kwenda. Kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilichopo Moshi, KCMC, kinafundisha tangu 1992, na waliosomea pale wapo kwenye hospitali nyingi. Uliza hospitali ya mkoa wako kliniki ya ngozi ni siku gani. Benzoili peroksaidi unaweza kuipata duka la dawa. Anza na ya asilimia 2.5 ukiipata, inafanya kazi karibu sawa na ile ya 10 na inaunguza kidogo. Jeli ya antibayotiki kama klindamaisini usiitumie peke yake, bakteria wanaizoea. Na mama mjamzito aachane na adapalini.

Najua kuna mmoja wenu atanitajia Mtakatifu Rosa wa Lima, ambaye mapokeo yanasema alijipaka pilipili usoni ili asisifiwe kwa uzuri. Kweli yanasema hivyo, na Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1671, wa kwanza kutoka bara la Amerika. Lakini kilichotangazwa ni upendo wake kwa Kristo, na wagonjwa na maskini aliowatunza. Pilipili haikutangazwa. Rosa alikuwa anapigana na sifa. Wewe unapigana na aibu. Ugonjwa tofauti, msimpe mtu dawa ya mwenzake.

Jambo moja linanigusa kila mwaka wakati wa Kipaimara. Umri wa kuimarishwa kwetu ni ule ule wa chunusi kutoka. Nimeona watoto kwenye foleni wanavuta nywele au kitambaa kufunika paji la uso, na mlezi anawaambia fungueni, askofu hawezi kupaka juu ya kitambaa. Halafu askofu anachovya kidole gumba kwenye krisma na kukiweka pale pale, juu ya vipele vyenyewe, mahali ambapo mtoto huyo asingependa hata mama yake amguse. Haruki, hatafuti sehemu safi zaidi. Roho Mtakatifu anapigiwa muhuri hapo.

Yule binti msomaji nilimweleza haya yote, tini, tope na krisma. Alinisikiliza, kisha akauliza swali la maana kuliko mahubiri yangu: je, akipaka jeli nusu saa kabla ya Misa, hajavunja mfungo wa Komunyo? Hapana. Mfungo wa saa moja ni wa chakula na kinywaji, na hata maji na dawa ya kumeza vinaruhusiwa. Paka, subiri ikauke, uvae nguo nyeupe, maana nyeupe haipaushwi. Jumapili ijayo ana somo la pili.