Meza ya Ijumaa Chuoni

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, profesa mmoja Mkristo alikuwa akifundisha Biblia kama fasihi. Jina lake Edward Chauncey Baldwin. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo vijana wa Kiyahudi, na kilichomsumbua ni kwamba wengi wao hawakuvijua vitabu vya mababu zao wenyewe. Mtu mwingine angesema hayo si yake. Baldwin aliwaendea viongozi wa Kiyahudi wa eneo lile, akawasihi wafanye jambo kwa ajili ya watoto wao kabla hawajapotea kabisa.

Jambo hilo lilifanyika mwaka 1923. Benjamin Frankel, rabi kijana aliyekuwa ametoka kusomea kazi yake Hebrew Union College mjini Cincinnati, alianzisha pale chuoni makao ya wanafunzi wa Kiyahudi, akayapa jina la Hillel. Hakuwa na jengo la maana wala fedha za kutosha. Baadaye chama kikongwe cha Kiyahudi cha B'nai B'rith, kilichoundwa New York mwaka 1843, kikakubali kuibeba kazi hiyo na kuipeleka vyuo vingine. Frankel hakuishi kuyaona matunda yake. Alifariki mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 30 tu.

Wazazi wa vijana wale wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Urusi, Poland na Romania, watu wa cherehani na maduka madogo, waliojinyima ili mtoto mmoja afike chuo kikuu. Mtoto alipofika, alikuta milango mingi imefungwa nusu. Mwaka 1922 mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard, A. Lawrence Lowell, alitaka idadi ya Wayahudi iwekewe kikomo, kwa kuwa walikuwa wamefikia takriban moja ya tano ya wanafunzi wapya. Wahadhiri walikataa kikomo cha wazi, lakini taratibu za udahili zikabadilishwa kimyakimya na idadi ikashuka. Vyama vya wanafunzi vyenye nyumba zao na karamu zao mara nyingi havikuwapokea kabisa. Ndiyo maana Wayahudi walijiundia vyao, kama Zeta Beta Tau ya mwaka 1898, na pale Harvard kwenyewe, mwaka 1906, wakaunda Menorah Society, jumuiya ya kusoma na kujadili utamaduni wao. Frankel aliongeza kitu ambacho vyama hivyo havikuwa nacho: mahali pamoja pa kusali, kusoma, kucheza na kulia shida, chini ya mtu mzima ambaye kazi yake ni kuwajua wanafunzi kwa majina.

Kalenda nayo ina ukatili wake. Muhula wa kwanza Marekani huanza Agosti au Septemba. Wiki chache baadaye huingia Rosh Hashanah, yaani Mwaka Mpya wa Kiyahudi, na siku ya kumi tangu hapo huja Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, yenye mfungo wa saa zipatazo 25 bila chakula wala maji. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye bado anapotea njia akielekea maktaba, anatakiwa kuamua kama atahudhuria jaribio la kemia au atasali. Akiamua kusali, atasali na nani? Baadhi ya sala za Kiyahudi haziswaliwi na mtu mmoja. Zinahitaji jamaa ya watu wazima kumi. Mtu anaweza kufunga peke yake chumbani. Hawezi kuwa kumi peke yake.

Jina alilochagua Frankel linastahili kusimuliwa. Hillel alikuwa mwalimu mkubwa wa Torati aliyeishi Yerusalemu katika zama za mfalme Herode. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba ujanani alikuwa maskini, akifanya kibarua kwa ujira mdogo, na nusu ya ujira huo alimpa bawabu wa nyumba ya masomo ili aruhusiwe kuingia. Siku moja, mkesha wa Sabato, majira ya baridi, alikosa kibarua, na bawabu akamzuia. Akapanda juu ya paa, akajilaza kwenye tundu la kupitishia mwanga, awasikie walimu wake Shemaya na Avtalion. Theluji ikamfunika usiku kucha. Kulipopambazuka walimu waliona nyumba ina giza kuliko kawaida, wakatazama juu, wakaona umbo la mtu. Wakamteremsha, wakamwogesha, wakamweka mbele ya moto, ingawa kuwasha moto ni kazi iliyokatazwa siku ya Sabato, kwani uhai wa mtu hutangulia.

Mwandishi wa makala haya anaamini kisa hicho kinawahusu sana wanaojenga jumuiya vyuoni leo, kwa sababu bawabu bado yupo. Hachukui sarafu tena. Siku hizi anayebaki nje ni kijana ambaye hakujifunza Kiebrania, au ambaye ni baba yake tu aliye Myahudi, au aliyelelewa katika nyumba isiyoshika kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, wala Sabato. Hakuna aliyemfukuza. Anapita mbele ya mlango, anasikia nyimbo ndani, anajiambia kwamba wale ni Wayahudi wa kweli na yeye si wa kweli vya kutosha, kisha anaendelea na safari yake bwenini. Vijana wa namna hii ni wengi, na tangazo ukutani haliwafikii.

Kwa hiyo waliofanikiwa ni wale waliotoka nje kuwatafuta. Mwaka 1969 rabi Shlomo Cunin alifungua nyumba ya Chabad, jumuiya ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, karibu na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na mtindo ule ukasambaa: rabi na mkewe wanahamia jirani na chuo, wanazaa na kulea watoto wao pale, na kila Ijumaa jioni wanapika kwa ajili ya yeyote atakayekuja. Wao wenyewe ni watu wa kushika sheria kwa ukali, lakini kwa mgeni hawaulizi cheti. Hillel nayo, ilipoongozwa na Richard Joel kuanzia mwaka 1988, ilianza kuwasukuma watumishi wake waache kusubiri ofisini, wawafuate wanafunzi kwenye mikahawa, viwanja na mabweni. Leo shirika hilo linasema linafanya kazi katika vyuo zaidi ya 850 duniani.

Wapo wanaodhani kazi ngumu ni kupata jengo. Jengo ukilipata limekwisha patikana. Wanafunzi hawapatikani namna hiyo, maana baada ya miaka minne wote wanakuwa wameondoka. Kiongozi aliyejua nani hali samaki na nani amefiwa na mama yake anavaa joho la mahafali, na mwezi Agosti ubao unafutwa. Jumuiya ya mtaani ina wazee wanaokumbuka. Ya chuoni ina kizazi kimoja tu, kinachobadilika bila kukoma. Zile zinazodumu zina desturi ya kumpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi halisi tangu mwezi wake wa kwanza: kukanda unga wa mkate, kusoma baraka, kushika mkoba wa fedha. Anayepewa kazi hurudi wiki ijayo, na akifika mwaka wa tatu anajua kumfundisha mwingine.

Basi Ijumaa jioni huwaje? Kabla jua halijatua huwashwa mishumaa. Kisha, katika vyuo vikubwa, watu hugawanyika kwa madhehebu: wa Kiorthodoksi chumba chao, ambako wanaume na wanawake huketi pande tofauti, wa Kikonsevativu chumba kingine, wa Kirifomu kingine tena, pengine kwa gitaa. Hawasali pamoja kwa sababu hawakubaliani namna ya kusali, na kuwalazimisha kungewaumiza wote. Baada ya sala wanakutana ukumbi mmoja. Kikombe cha divai kinabarikiwa, mikono inanawishwa, mikate miwili ya challah iliyosukwa inafunuliwa na kukatwa, na supu inapita. Anayejua wimbo anaimba, asiyejua anapiga meza. Aliyewahi kualikwa futari na wenzake chuoni, mbali na nyumbani kwao, atauelewa ukumbi huo bila kufafanuliwa zaidi.

Historia ya chuo cha Dartmouth, katika mji mdogo wa Hanover, New Hampshire, inaonyesha umbali unaoweza kutembewa. Novemba 1997 chuo hicho kilikuwa kinazindua Roth Center, kituo cha maisha ya Kiyahudi. Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa James Freedman, yeye mwenyewe Myahudi. Siku ya furaha kama ile, viongozi wengi hushukuru wafadhili na kukata utepe. Freedman alitoa hadharani barua za mwaka 1934. Katika barua hizo mhitimu mmoja wa Dartmouth alilalamika kwamba Wayahudi wamezidi kuonekana chuoni, na mkuu wa udahili akamjibu kwa kumuunga mkono, akieleza huzuni yake iwapo wataongezeka. Freedman alikumbusha pia kwamba mtangulizi wake mmoja, Ernest Martin Hopkins, aliwahi kutetea waziwazi kuwawekea Wayahudi kikomo, na hiyo ilikuwa mwaka 1945, mwaka ambao wafungwa wa kambi za mauaji za Ulaya walikombolewa.

Alifanya vyema. Nyumba mpya ikizinduliwa bila kutaja kwa nini haikujengwa zamani, wanaoingia humo wanakuwa wamepewa zawadi wasiyojua bei yake.

Miaka minne baadaye, 2001, Dartmouth ilifungua mahali pa kulia palipopewa jina la Pavilion, penye vyakula vya kosheri na vya halali. Tazama lilivyo jambo hilo. Chuo ambacho zamani kiliwahesabu Wayahudi kwa wasiwasi kilijenga jiko ambamo nyama na maziwa havichanganyiki, nguruwe hapiti, na mwanafunzi Mwislamu na mwanafunzi Myahudi wanasimama foleni moja na sinia mkononi. Hawakuitwa kwenye semina ya maelewano. Walikuwa na njaa, na sheria zao za chakula zinafanana kiasi cha kuwawezesha kula chini ya paa moja.

Lakini meza hizi si za amani daima. Mwaka 2013 wanafunzi wa Hillel ya chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, walitangaza kwamba hawatafuata miongozo ya shirika kuu inayozuia kuwaalika wasemaji wa msimamo fulani kuhusu Israeli. Walitaka kuwasikiliza wote. Mvutano uliendelea hadi mwaka 2015, walipoliacha jina la Hillel na kujiita Kehilah. Tangu Oktoba 2023, baada ya shambulio la Hamas na vita vya Gaza, ufa umekuwa mpana zaidi. Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka 2024, katika Chuo Kikuu cha Columbia, baadhi ya wanafunzi wa Kiyahudi walifanya mlo wao wa Seder ndani ya kambi ya waandamanaji wanaowatetea Wapalestina. Wengine wa chuo hichohicho walisikia vitisho na matusi dhidi ya Wayahudi, wakaona heri waende kwao. Wote hao ni wanafunzi wa Kiyahudi, na kila upande ulihisi umeachwa na mwingine.

Anayejenga jumuiya afanye nini hapo? Mapokeo yenyewe yana jibu la kale. Wafuasi wa mwalimu Hillel na wafuasi wa Shamai, mwalimu wa zama zake, walibishana karibu kila jambo, hata mambo ya ndoa na najisi, na bado Mishna, kitabu cha kale cha sheria za marabi, inashuhudia kwamba hawakuacha kuoana. Talmudi inaongeza kuwa sheria ilifuata upande wa Hillel kwa sababu wafuasi wake walikuwa wapole na waliyafundisha maneno ya wapinzani wao pamoja na yao, tena wakitanguliza ya wapinzani. Ni kipimo kigumu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kituo chochote cha wanafunzi ambacho hakiwezi kueleza kwa uaminifu anachoamini yule aliyetoka kwa hasira, bado hakijastahili jina kilichopewa.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wako Abayudaya, watu ambao mababu zao walimfuata kiongozi wao Semei Kakungulu alipoishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Idi Amin alipoipiga marufuku, wengi waliiacha, na walioshikilia walisali kwa kificho. Walioiinua tena katika miaka ya 1980 walikuwa vijana, wakiwamo Gershom Sizomu na J.J. Keki, waliokusanyika kilima cha Nabugoye wakaishi na kusoma pamoja. Miaka ya 1990 wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakisoma Kenya walifika kuwatembelea, wakapeleka habari za Abayudaya Marekani. Sizomu baadaye alisomea urabi Los Angeles na kuhitimu mwaka 2008, kisha akarudi Uganda. Shule walizojenga Abayudaya zinapokea watoto Wayahudi, Waislamu na Wakristo.

Ila kijana wa Nabugoye anayepata nafasi Kampala, kilomita zaidi ya 200 kutoka nyumbani, anakutana na masomo ya Jumamosi, siku ya Sabato yake. Waadventista wa Sabato watatu, Wakristo wanaoishika siku hiyohiyo, waliosoma Chuo Kikuu cha Makerere walikwenda mahakamani kupinga masomo na mitihani ya siku hiyo. Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikataa shauri lao mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikakataa rufani mwaka 2006, kwa hoja kwamba chuo chenye wanafunzi wengi na nafasi finyu kina haki ya kutumia siku zote za juma. Hoja ya nafasi inaeleweka. Lakini kumpangia mwanafunzi mmoja chumba na msimamizi Jumapili asubuhi ni gharama ndogo, na anayehitaji nafasi hiyo kesho anaweza kuwa Mwadventista au Myahudi.