Penye Kiungo Kinachovuja



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo dogo la karakana, kwa maana ndani yake mna mafundisho kwa watu wote wakaao pamoja. Wengi wetu twaijua motokaa iitwayo Land Rover. Ilionyeshwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na baadaye ikafika hata vijijini kwetu. Katika zile za namna ya pili, zilizoanza kuundwa mwaka 1958, kwa kawaida tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, nayo pampu iko ubavuni mwa injini. Petroli hupita katika mrija mwembamba, na mrija unapokutana na pampu au na kabureta pana kiungo chenye nati. Kiungo hicho kikiisha kutikiswa miaka 50 au 60, huweza kuanza kuvuja.

Tone moja ni kitu gani? Mwenye gari hulifuta kwa kitambaa, akaenda zake. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa chini, hukusanyika katika shimo la fundi wala hauonekani kwa macho. Cheche moja ya waya yatosha. Mtume Yakobo alipofundisha habari za ulimi alitoa mfano wa moto, naye hakuanza na moto mkubwa.

Basi watu wakiona tone hufanya nini? Wengine hukaza nati kwa nguvu zao zote. Wengine huzungusha utepe juu ya hesi, au hupaka sabuni. Wote wawili hawakufahamu kiungo kile kilivyofanywa. Kwa maana katika kiungo cha namna hii hesi za nati hazizuii petroli. Kazi yake ni kusukuma tu. Kinachozuia ni nyuso mbili zinapokutana sawasawa: ama mdomo wa mrija, uliotanuliwa kama mdomo wa tarumbeta, unapokaa juu ya koni yake, ama pete laini ya shaba inapobanwa kuuzunguka mrija. Uso mmoja ukiwa na mkwaruzo au uchafu, petroli itapita. Ukikaza kupita kiasi, pete hupondeka, mrija huminywa, hata hesi hukatika, na tone huwa mchirizi. Nao utepe vipande vyake huingia ndani, vikaziba tundu dogo la kabureta. Uvujaji umefichwa kwa nje, na injini imekosa chakula kwa ndani.

Fundi mwenye akili hufanya hivi. Kwanza huiacha injini ipoe, akafungua waya wa betri, akaiondoa taa ya moto na sigara ya jirani. Huweka kopo la bati chini, ili kile kitakachomwagika kisienee. Ndipo hushika spana mbili: moja hukishika kiungo kisizunguke, ya pili hugeuza nati. Mwenye spana moja tu huupinda mrija, naye huharibu kilichokuwa kizima. Akiisha kufungua, hutazama nyuso zote mbili kwenye mwanga wa jua, huzifuta na kuzichunguza. Ikiwa mdomo wa mrija umepasuka, haufuniki. Huukata mahali palipo pazima, akatia pete mpya au kuutanua upya. Huanza kukaza kwa vidole, ili hesi zishikane bila kupishana, na spana humaliza kwa kiasi tu. Mwisho huiwasha injini, hutazama, na kesho yake hutazama tena.

Tena yuko mvujo mwingine uliofichika zaidi. Kutoka tangini hata pampuni petroli huvutwa. Kiungo cha upande ule kikilegea, huenda usione tone lo lote nje, bali hewa huingia ndani, na gari huzimika mlimani pasipo sababu ionekanayo.

Ndugu zetu, hayo yote twayaona katika nyumba zetu na katika sharika zetu. Wawili wameachana kwa neno la shamba, au la mahari, au la fedha ya sadaka. Wazee wengine hukaza: hukemea mbele ya watu wote, wakaamuru amani ije siku ile ile. Wengine hufunga utepe: huwaambia wapeane mikono, wala lile neno lenyewe lisitajwe tena. Mikono imepeanwa, lakini nyuso hazijakutana. Bwana wetu alipofundisha habari za ndugu aliyekosa, aliagiza kwanza wawili wale wakutane peke yao. Alijua mahali penye uvujaji.

Kwa hiyo, mwalimu uendaye kupatanisha, usiende injini ikiwa ingali moto. Ondoa kwanza wachochezi. Uwe na spana mbili: mkono mmoja umshike ndugu yako kwa upendo asivunjike, wa pili ugeuze kwa ile kweli. Fungua neno lenyewe, litazamwe mwangani. Lililooza likatwe, hata kama mrija utakuwa mfupi kidogo kuliko zamani. Wala usimsahau yule asiyegombana na mtu, bali amepoa tu, haonekani ibadani, na hakuna ajuaye kwa nini. Huyo havuji nje; hewa imeingia ndani. Umwendee nyumbani kwake kabla hajazimika mlimani.

Na ukiisha kupatanisha, usijisifu siku ile. Rudi kesho ukapapase kwa kidole kama pamekauka.

Bwana awape subira ya kazi hii. Amina.