Alama Tano za Mkaa

Katika fomu yangu ya tathmini kuna kipengele nilichokitunga mwenyewe: "Anahusisha somo na uendelevu wa mazingira." Alama 1 hadi 5. Nilikitunga maktabani, mbele yangu orodha ya stadi nane za uendelevu iliyotolewa na UNESCO mwaka 2017, nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Kisha nikaenda shuleni kukusanya data ya tasnifu yangu. Walimu tarajali wawili, Kemia Kidato cha Pili, mada ya nishati.

Wa kwanza alisema yote niliyotaka kusikia: ukataji miti, jangwa, hewa ukaa. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Madam, mama yangu anauza mkaa. Aache?" Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia akae, muda unakwisha. Nikampa 5.

Wa pili hakutamka neno mazingira hata mara moja. Alileta jiko la bati na jiko banifu, akawapimisha wanafunzi mkaa kabla na baada ya kuchemsha maji lita moja kwenye kila jiko. Wakaanza kubishana. Kama banifu linakula mkaa kidogo, mbona nyumbani hatuna? Ni bei. Na moshi anauvuta nani? Kengele ikalia wangali wanabishana. Nikampa 2, kwa sababu fomu ilitaka ahusishe, naye hakutaja.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilikuwa nimepima maneno, nikayaita stadi.

Utasema: rekebisha fomu, ongeza "anajibu swali gumu." Lakini nami nilikuwa mwalimu tarajali juzi tu. Wiki ya pili kila darasa lingekuwa na swali gumu lililopangwa tangu jana yake. Na tukiacha kupima kabisa? Shuleni kwetu, kisicho na alama hakifundishwi.

Kwa hiyo bado naamini tupime. Ila haki inadai mpimaji naye akae chini baada ya kipindi, aulize kwa nini, na awe tayari kufuta alama yake.

Kesho yake nilimfuata yule wa kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakumjibu mtoto. Alikaa kimya, kisha akasema: "Ningemjibu nini? Hata mimi nimesomeshwa na mkaa."

Ile 2 nimeshaifuta. Ile 5 bado naitazama.