Ramadhani, Siku ya 17: Dirhamu Mbili na Shoka



Nianze na kosa langu. Mwaka jana kwenye darsa ya alasiri nilisema hela za TASAF zinalemaza watu. Watu wakacheka. Tangu siku ile mama mmoja mjane hakuonekana tena upande wa akina mama. Kumbe ni mnufaika. Mwaka mzima anaamka usiku kukaanga vitumbua vya kuuza, na ile ruzuku ndiyo daftari na sare za wanawe. Nilikwenda kumwomba radhi, akanisamehe. Lakini neno likishatoka halirudi.

Sasa tuitazame ile hadithi ya shoka tunayopenda kuwasomea maskini. Kasimulia Anas (r.a.), ipo kwa Abu Daud. Mtu wa Answari alikuja kuomba. Nyumbani ana tandiko na kikombe tu. Mtume ﷺ akavinadi, zikapatikana dirhamu 2. Ya kwanza: kawanunulie chakula watu wako. Ya pili: nunua shoka uniletee. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia akakate kuni, wasionane siku 15. Akarudi na dirhamu 10.

Mnaona? Sisi tunasimulia shoka, dirhamu ya chakula tunairuka. Mwenye njaa hakati kuni. Hata wachumi, akiwemo Abhijit Banerjee, mwaka 2017 walichapisha uchambuzi wa mipango ya ruzuku katika nchi 6, zikiwemo Indonesia na Moroko. Hawakuona ushahidi kwamba watu waliacha kazi.

Lakini hadithi haikuishia kwenye chakula pia. Wewe kijana mwenye nguvu, unayeshinda kijiweni ukingoja hela ya bibi yako itoke, shoka lako liko wapi? Ile ni haki ya mzee na watoto, usiifanye mshahara wako.

Na wewe mwenye duka, unayesema "wakafanye kazi", umemtilia nani mpini? Umemkopesha nani mtaji, umemfundisha nani ufundi?

Amali ya leo: kabla ya kufuturu, mtafute mtu mmoja mtaani kwako. Kama ana njaa, mlishe. Kama ana nguvu, mpe pa kuanzia. Na ulimi tuufungishe saumu pamoja na tumbo.

Allah atutosheleze kwa halali Yake, na asitufanye sababu ya mja Wake kuukimbia msikiti. Aamin.